Eka tatu za Kigamboni zinatosha mashimo mangapi ya gofu?

"Habari za kazi, mtaalamu. Nimestaafu mwaka jana. Nina eka tatu Kigamboni, hatua 70 kwa 210, kama kilomita mbili kutoka baharini. Shamba limelala mashariki kwenda magharibi. Kaskazini tunapakana na shule ya msingi, kusini ni pori la mtu. Kijana wangu amenionyesha viwanja vidogo vya gofu vya nje, watu wanacheza na fimbo mbili tatu na wanamaliza ndani ya saa moja. Fundi bustani anasema tupande nyasi za paspalamu eneo lote, tuchonge mashimo tisa, miezi mitatu kazi imekwisha. Kisima kipo, maji yana chumvi kwa mbali na sabuni haitoi povu vizuri, ila tunafulia. Rafiki yangu anayecheza kwenye klabu ya gofu ya Lugalo anasema uwanja wa namna hiyo ni wa watoto, mtu mzima hatakuja. Je, eka tatu zinatosha? Na niweke kiinua mgongo changu hapo?"

Shikamoo, mzee wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili macho yameruka gofu yakatua kwenye kisima. Nitafika huko. Kwanza tumalizane na rafiki yako wa Lugalo, maana neno lake ndilo linaloonekana kukuuma zaidi.

Si kweli kwamba uwanja mfupi ni wa watoto. Klabu ya Augusta kule Marekani, wanakochezea mashindano makubwa ya Masters, ina uwanja wake mfupi wa mashimo tisa uliojengwa mwaka 1958. Tangu 1960 wachezaji wakubwa wamekuwa wakishindana hapo siku ya Jumatano kabla ya mashindano yenyewe. Wa kwanza kushinda alikuwa Sam Snead. Hadi sasa hakuna aliyewahi kushinda mashindano hayo madogo na Masters yenyewe katika mwaka mmoja, na wapo wachezaji wanaoona ni mkosi. Ireland nako wana mchezo kamili unaoitwa pitch and putt, wenye vyama vyake na mabingwa wake: shimo halizidi mita 90, uwanja mzima wa mashimo 18 hauzidi mita 1,200, na mchezaji anaruhusiwa fimbo tatu tu, moja ikiwa pata ya kusukumia mpira shimoni. Wanaoucheza ni watu wazima wenye wajukuu.

Lakini rafiki yako ana hoja moja ambayo hakuitaja. Mchezaji wa klabu kama Lugalo au Gymkhana anaishi kwa handikapu yake, yaani alama rasmi ya uwezo wake, na uwanja wako hautampa. Mfumo wa dunia wa handikapu ulilegeza masharti mwaka 2024, sasa unakubali viwanja vifupi, ila mashimo 18 lazima yafike yadi 1,500. Wewe hutafika hapo hata tukikunja ramani. Kwa hiyo usimtegemee aje kutafuta alama. Anaweza kuja kunoa mkono. Kwenye uwanja wa pa 72, yaani mikwaju 72 anayotarajiwa mchezaji mzuri kwa mashimo 18, hesabu hiyo inampa mchezaji mikwaju miwili ya pata kwa kila shimo, yaani 36, nusu ya mchezo. Nusu hiyo inachezwa karibu na bendera, na karibu na bendera ndipo wengi wetu tunapotoka jasho. Huyo akija atataka grini nzuri, yaani ile zulia la nyasi fupi penye shimo, kuliko kitu kingine chochote. Shika neno hilo, nitalirudia.

Sasa eneo. Hapa bahati iko upande wako, kwa sababu gofu hupimwa kwa yadi na hatua yetu ya kupimia mashamba ni kama yadi moja. Hatua 70 kwa 70 ndiyo eka ambayo kila dalali wa Kigamboni anaijua. Kwa hiyo huhitaji kubadili kipimo: ukiambiwa shimo lina yadi 50, tembea hatua 50.

Fundi wako amepiga hesabu ya mashimo tisa kwa kuangalia urefu tu. Kweli, hatua 210 ukizipanga safu mbili unapata 420, na mashimo tisa ya hatua 45 yanaingia kwenye karatasi. Alichosahau ni kwamba mpira hauendi pale unapoelekezwa. Tazama saa ya ukutani. Kati ya namba 12 na namba 1 kuna nyuzi 30. Mtu anayejifunza akipotosha mpira kwa nusu tu ya nafasi hiyo, nyuzi 15, kosa hilo ni la kawaida kabisa na utaliona kila dakika tano. Kwenye shimo la hatua 40, kosa hilo linapeleka mpira hatua 11 pembeni. Kwenye shimo la hatua 60, hatua 16. Kwenye shimo la 70, hatua 19. Shamba lako lina upana wa hatua 70. Ukipanga safu mbili sawasawa, katikati ya kila safu panakuwa hatua 17 na kidogo kutoka uzio. Kwa hiyo shimo la hatua 70 linarusha mpira nje ya uzio kwa kosa la kawaida, bila mtu kufanya ujinga wowote.

Na upande mmoja wa uzio ni shule. Mpira wa gofu una uzito wa karibu gramu 46 na ni mgumu kama kokoto. Sitaki kukutisha, ila nataka usimame pale saa nne asubuhi watoto wakiwa mapumziko, uutazame uzio huo vizuri kabla hujamlipa mtu hata senti.

Ongeza upepo. Kusi inavuma toka kusini-mashariki, kuanzia mwezi wa nne hadi wa kumi hivi, na ndani ya miezi hiyo ndimo umo msimu wa baridi yetu, ambao watu watapenda kucheza. Kusi itasukuma kila mpira wako kuelekea shuleni. Kwa hiyo mimi ningepanga hivi: safu ya kaskazini iwe na mashimo matatu mafupi ya hatua 40, na mstari wake usogezwe hadi hatua 22 kutoka uzio wa shule. Safu ya kusini iwe na mashimo matatu ya hatua 50 hadi 60, hatua 17 kutoka uzio wa porini. Watu wazunguke kama mshale wa saa: kaskazini wanakwenda mashariki, kusini wanarudi magharibi. Kwa mchezaji anayetumia mkono wa kulia, uzio unabaki kushoto kwake muda wote. Kuna kosa moja baya ambalo mpira unagonga shingo ya fimbo badala ya uso wake, ukaruka kulia kama umepigwa teke. Kwa mpangilio huu mpira huo unaangukia ndani ya shamba lako. Hasara yake ni kwamba jioni safu ya kusini watapigwa na jua usoni. Wavae kofia.

Kando ya shule bado utahitaji wavu au miti. Minazi haifai, mpira unapita chini ya makuti kama hakuna kitu. Mivinje inavumilia upepo wa chumvi na inakua haraka, ila isikaribie grini, maana mizizi yake inanyonya maji na vijiti vyake vinadondoka mwaka mzima. Miashoki iliyobanana ni ukuta mzuri, lakini inachukua miaka. Wakati unaisubiri, weka wavu.

Basi ni mashimo sita. Najua umeshusha pumzi. Usishushe. Mashindano ya kwanza ya gofu ya Open, Prestwick kule Scotland mwaka 1860, yalichezwa kwenye uwanja wa mashimo 12. Wachezaji wanane waliuzunguka mara tatu kwa siku moja, na Willie Park akashinda kwa mikwaju 174. Namba 18 haikushuka kutoka mbinguni. Sita ukizunguka mara tatu ni 18, na mwenye haraka ya kuwahi kivuko anacheza mzunguko mmoja anaondoka.

Tufike kisimani. Fundi anasema paspalamu eneo lote. Fanya hesabu hii mwenyewe: maji ya kina cha milimita 1 juu ya mita moja ya mraba ni lita 1. Siku za jua na upepo hapa Dar, nyasi zinapoteza kama milimita 5 kwa siku, kwa hiyo kila mita ya mraba inadai lita 5. Eka tatu ni mita za mraba 12,140. Ni zaidi ya lita 60,000 kwa siku, yaani maboza sita ya lita elfu kumi, kila siku mvua isiponyesha. Masika na vuli zitakusaidia, lakini kuanzia Juni hadi Septemba utakuwa peke yako na pampu yako.

Sasa punguza. Grini ni ile sehemu yenye shimo na bendera, nyasi zimekatwa hadi zinafanana na zulia. Grini sita za mita za mraba 150 ni 900 tu. Hizo zinadai lita 4,500 kwa siku, chini ya tangi moja la lita 5,000. Eneo lililobaki acha ukoka uishi kwa mvua. Utageuka kahawia mwezi wa nane, na mpira utabingirika vizuri tu juu yake. Ukoka hauna aibu ya kukauka. Mvua ya kwanza ya vuli inaufufua. Huu ndio uzuri wa kweli wa uwanja mdogo, mzee: huhitaji kijani kila mahali, unahitaji sehemu sita zilizotunzwa kama mboni ya jicho.

Kuhusu chumvi, umenipa dalili mbili tofauti ukidhani ni moja. Sabuni kugoma kutoa povu mara nyingi huonyesha ugumu wa maji, yaani kalsiamu na magnesiamu, na hizo si adui mkubwa wa nyasi. Ladha ya chumvi huonyesha sodiamu na kloridi, na hapo ndipo penye kazi. Mzizi hunywa kwa sababu maji yaliyo ndani yake yamekolea kuliko yaliyo nje. Ukimwagilia maji ya chumvi, maji yanapaa hewani, chumvi inabaki ardhini. Kesho unaongeza, na kesho kutwa. Inafika siku udongo umekolea kuliko mzizi, na nyasi zinaona kiu zikiwa zimesimama ndani ya maji, kama mvuvi aliyekwama baharini. Tena sodiamu ikizidi kwenye udongo wa mfinyanzi huuvunja chembechembe, ukawa tope lisilopitisha maji. Mchanga una nafuu kwa hili.

Nilijifunza haya kwa aibu. Miaka ya nyuma nilitunza uwanja mdogo wa hoteli moja ya pwani. Mwezi wa saba nyasi zikaanza kukauka ncha, nikaona zina kiu, nikaacha kisima kikimwaga usiku kucha. Baada ya wiki mbili ncha za majani zikawa nyeupe. Nikapiga goti, nikafuta udongo wa juu kwa kidole, nikalamba. Ilikuwa kama nimelamba dagaa. Nilikuwa nimezidisha kosa mara mbili, kwa sababu karibu na bahari maji matamu huelea juu ya maji ya bahari huko chini ya ardhi kama mafuta juu ya mchuzi. Hesabu wanayoitumia wataalamu wa maji ni kwamba kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inashikilia kama mita 40 chini ya usawa huo. Ukivuta kwa pupa ukashusha ile moja, maji ya bahari yanapanda kujaza nafasi. Kisima kilichokuwa kitamu kinaharibika, na cha jirani pia. Pampu ndogo inayofanya kazi taratibu saa nyingi ni bora kuliko pampu kubwa ya saa moja.

Kwa hiyo paspalamu? Ndiyo, kwenye grini. Paspalamu ya pwani inavumilia chumvi kuliko karibu nyasi zote za michezo, na fundi wako hajakosea hapo. Amekosea anapodhani kuchagua nyasi ndiyo kumaliza kazi. Hata paspalamu inahitaji kuoshwa, yaani mara moja moja umwage maji mengi kupita mahitaji ili chumvi ishuke chini ya mizizi, na masika inafanya kazi hiyo bure kama maji yana pa kwenda.

Yana pa kwenda? Jaribu hivi. Chukua kopo la rangi la lita nne, kata kitako, lisukume ardhini nusu yake, jaza maji mara ya kwanza yalowane, jaza tena, kisha pima kwa rula yanashuka kiasi gani ndani ya dakika kumi. Fanya hivyo sehemu sita ambazo grini zitakaa. Yakishuka sentimita kadhaa, una mchanga mzuri, sukuma udongo wako mwenyewe ufanye vilima vidogo, sawazisha, panda. Yakikaa yanakutazama, hapo itabidi ujenge grini kwa mtindo ambao chama cha gofu cha Marekani, USGA, kilianza kuutolea mwongozo mwaka 1960: mabomba ya kutolea maji chini, kokoto sentimita 10, juu yake mchanga sentimita 30. Kwa mita za mraba 900 hiyo ni mita za ujazo 270 za mchanga na 90 za kokoto. Kwa tipa la mita 15 ni safari 24. Mchanga wa ufukweni usiuguse. Una chumvi, na kuuchimba bila kibali ni kosa.

Miezi mitatu ya fundi ni ya nyasi kufunika ardhi. Grini inayochezeka ni habari nyingine. Bustani ya nyumbani hukatwa sentimita tatu nne. Grini huteremshwa kidogo kidogo hadi milimita nne au chini, na hukatwa karibu kila siku. Mashine ya pangaboi ya bustani haiwezi, inachana. Unahitaji mashine ya silinda, inayokata kama mkasi. Kwa upana wa nusu mita, grini zako sita ni mwendo wa karibu kilomita 2 nyuma ya mashine kila asubuhi kabla ya wateja. Muulize kijana wako kama picha alizokuonyesha zilikuwa na huyo mtu anayetembea.

Kuna gharama moja ya mashimo sita ambayo sitaki ikufiche. Watu 40 wakizunguka mara tatu, kila grini imekanyagwa mara 120 kwa siku, na wote wanasimama karibu na shimo. Ndiyo maana nimesema mita 150 na si 80. Hamisha shimo kila siku, na siku ya Jumatatu funga.

Kwenye sehemu za kuanzia, tii, usipande nyasi kabisa. Uwanja mfupi kila mtu anapiga kwa fimbo ya chuma, na chuma kinang'oa kipande cha nyasi. Weka mikeka ya nyasi bandia. Hata huo mchezo wa Ireland niliokutajia, mpira wa kwanza hupigwa kutoka juu ya jukwaa la nyasi bandia. Grini za bandia je? Hazinywi maji, na kama kipimo cha kisima kitakuwa kibaya sana ndizo zitakazobaki. Lakini saa saba mchana zinaunguza miguu, na yule rafiki yako wa Lugalo atazijaribu mara moja tu.

Fimbo nunua kidogo: weji (fimbo ya kunyanyua mpira juu), chuma namba 9 na pata, seti kumi za kuazimisha zinatosha kuanzia, zingine za mkono wa kushoto. Kwa watoto tumia mipira laini ya sponji. Kuna pia mpira unaofika nusu ya umbali, uliotokana na mchezaji Jack Nicklaus alipojenga uwanja kwenye kisiwa cha Grand Cayman, ambako ardhi ilikuwa haba kama yako. Ukiupata, safu ya kaskazini itumie huo.

Kiinua mgongo chote? Hapana, mzee. Jenga grini moja na tii moja kwenye kona ya kusini-magharibi, mbali na shule, uitunze kuanzia masika moja hadi masika inayofuata. Utajua maji yako, utajua fundi wako, na utajua kama asubuhi unafurahi kwenda kuitazama. Eneo lililobaki halitakimbia, na nyumba za kupangisha bado zinaweza kusimama upande wa pili.

Mambo ambayo mimi wa kwenye maandishi siwezi kukufanyia ni haya. Manispaa ya Kigamboni wakuambie ardhi yako imepangwa kwa matumizi gani. Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu ndiyo inayotoa kibali cha kutumia maji ya kisima kwa shughuli kama hii, na kisima cha kufulia hakijakupa ruhusa hiyo. Wasimamizi wa mazingira wa taifa (NEMC) waulize kama mradi unahitaji tathmini ya mazingira. Mwalimu mkuu wa shule umwone wewe mwenyewe, kabla ya fundi kuchimba. Zungumza na mtu wa bima. Udongo unaweza kupimwa chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine (SUA), Morogoro, au kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano, Tanga.

Maji yapime kwanza, kabla ya yote hayo. Washa pampu nusu saa, chupa ya lita moja isuuze kwa maji yaleyale mara tatu, ijaze pomoni isibaki hewa, andika tarehe, ipeleke maabara siku hiyohiyo. Omba kipimo cha upitishaji umeme na kipimo cha sodiamu. Upitishaji umeme ukiwa chini ya desisimensi 0.7 kwa mita, panda unachotaka; kati ya 0.7 na 3, panda paspalamu na uoshe; juu ya 3, nipigie kabla hujamwita mtu wa tipa. Kisha chota chupa ya pili mwishoni mwa Septemba, kisima kikiwa kimechoka, maana hiyo ndiyo namba itakayotunza grini zako.